Soda za Upatanisho

Mimi Rukiah sijui kunyamaza, waulizeni majirani. Mwenzangu Nabintu ndiye alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikimbia vita kwao Bukavu, Pasta Valère akampokea hapa Kampala, akamtafutia chumba, kisha akampa kazi ya kupika katika kituo chake cha watoto wakimbizi, huku Ntinda. Mimi nilikuwa nafua hapo hapo. Nabintu akisonga posho, ugali wa huku, hana neno na mtu, lakini watoto walimpenda, maana mkono wake haukuwa na ubahili.

Jumatatu moja uji ulimmwagikia Princesse, katoto ka miaka minane. Nabintu akamvua gauni amsafishe, kisha akaniita. Loo! Mgongo mzima ulikuwa na alama za waya, mbichi na za zamani. Mtoto akasema ni Dady, mwalimu wa jioni, na kwamba akimaliza kumchapa humfungia stoo. Nilitaka kumfuata yule mwanamume na mwiko.

Nabintu akanizuia. Sheria ya kituo tulifundishwa wote kwenye semina: ukijua jambo la namna hiyo, mwambie mkubwa siku hiyo hiyo, mkubwa awaite polisi, anayetuhumiwa akae nyumbani mpaka watu wa nje wachunguze. Siku ile ya semina tulikula kuku, na wakubwa wakaiacha sheria mezani pamoja na mifupa.

Maana Nabintu alipomweleza Pasta, Pasta alishika kichwa, akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Wakongo wakiwa ugenini hawapelekani polisi. Wazee wa kanisa watakaa Ijumaa, Dady ataomba msamaha, yataisha. Na Dady? Kesho yake huyoo kazini, anapiga mluzi! Princesse akisikia sauti yake alikuwa anajibanza nyuma ya masufuria.

Nabintu aliogopa, asiwadanganye mtu. Kazi ya Pasta, chumba cha Pasta, hata kanisa ni la Pasta. Alilia pembeni yangu nikianika mashuka, kisha akafuta uso, akaniambia twende polisi. Huko tukaambiwa ofisa wa dawati la watoto yuko mahakamani, akipata nafasi atakuja. Lini, hakuna aliyejua.

Ijumaa ikafika. Wazee wakaketi, kreti ya soda ikawekwa katikati. Ndiyo desturi yao: mkosaji anapiga magoti, mnasali, mnapeana mikono, mnakunywa, na anayelitaja tena jambo lile ndiye anakuwa mkosaji. Dady akapiga magoti, machozi tele. Pasta akamwita Princesse aje atoe mkono. Mtoto alijibanza ukutani, lakini mkubwa ameita, afanyeje? Akaanza kwenda.

Nabintu akatoka jikoni, akasimama kati yao.

"Pasta, huyu hatoi mkono."

Pasta akamkumbusha, kwa ule upole wake unaouma, nani alimfungulia mlango alipokuwa hana pa kulala. Mzee mmoja akasema mama huyu hana shukrani, atafute kanisa lingine, na chumba kingine pia. Nabintu akamvuta mtoto nyuma yake, hakusogea. Mimi nami ningefungwa mdomo na nani? Niliwaambia wazionee haya ndevu zao.

Tukiwa katika kuvutana huko, geti likagongwa. Akaingia Ofisa Laker, mwanamke mrefu, na askari mwenzake. Alipewa kiti, hakukaa. Alimwambia askari amtoe Dady nje, akainama akamuuliza Princesse angependa nani awe naye. Mtoto akamshika Nabintu sketi. Wakaingia darasani watatu, wakafunga mlango. Sisi tukangoja, na hakuna aliyegusa soda.

Walipotoka, Laker akamwomba Pasta amwite mtoto mwingine aliyetajwa mle ndani, jina lake Victoire.

Pasta akashusha pumzi, akatabasamu kabisa.

"Hilo la Victoire lisikusumbue, afande. Tulilimaliza mwaka jana, hapa hapa. Alishamsamehe Dady."

Hata wazee walitazama chini. Nabintu alimkumbatia Princesse begani, akamtazama Pasta usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mlilimaliza, Pasta," akasema. "Ndipo akaanza na huyu."