Ungo wa Bibi Skolastika

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya kwanza nilipovaa koti jeupe mbele ya watu wa kwetu, mwanangu, na nakumbuka zaidi jinsi koti lenyewe lilivyonipanda kichwani. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha macho, nimerudi nyumbani Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo, fildi kama mnavyoita ninyi. Baridi ilikuwa ile ya mwezi wa saba, ukisema neno mvuke unakutoka mdomoni, lakini sweta nilikataa kulivaa. Ningelivaa juu ya koti, watu wangejuaje kwamba binti wa mtaa wa Milanzi sasa anapima macho?

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako ameniambia umepata nafasi ya kusomea kazi ileile. Nimefurahi mpaka nimewaambia majirani wote, na wengine nimewarudia. Wewe mwenyewe ulinipigia simu ukaniambia nisiwe na wasiwasi, mambo ni poa, siku hizi mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine na namba zinatoka zenyewe. Sawa. Mashine hizo nazijua, nimezitumia na wala sizisemi vibaya. Lakini nisikilize hata hivyo, maana wewe ni damu yangu na nataka unipite.

Chuo kitakuchosha, hilo nisikufiche. Utasoma mwanga unavyopinda ukiingia kwenye kioo mpaka uuote. Utapasua jicho la ng'ombe lililoletwa kutoka machinjioni, na siku hiyo nyama ya mchana utampa mwenzako. Mtapimana wenyewe kwa wenyewe, mtatiana dawa ya kupanua mboni, kisha mtatoka nje juani mmekunja nyuso kama watu waliolamba ndimu. Utakaa kwenye chumba cha giza na tochi ndogo ya kupimia, ukitafuta jinsi mwanga unavyotembea ndani ya mboni ya mwenzako, kama unafuata mkono wako au unakwenda kinyume. Mwanzoni hutaona kitu na utasema umeona. Wote husema hivyo. Halafu siku moja utauona kweli, na utapiga kelele darasa zima ligeuke. Karakanani utachonga lenzi mpaka vidole vife ganzi. Mimi katika hayo yote nilikuwa hodari, na sisemi ili kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Basi fildi yetu ilisimamiwa na Mwalimu Desderi, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani yake na kuifuta kwa ncha ya shati kila anapotaka kusema jambo zito. Tukiona ameanza kufuta, tulikuwa tunajiweka sawa.

Siku moja akaingia Bibi Skolastika. Mjini hakuna asiyemfahamu. Aliuza ulezi sokoni, na ulezi wake ulikuwa msafi kiasi kwamba watu walinunua bila kuuchungulia. Alikaa na ungo mapajani, anapepeta, anachagua changarawe moja moja, anaongea na wateja na mikono haisimami. Lakini mwaka ule watu walikuwa wameanza kulalamika kwamba uji wake unakwaruza meno, na wengine walikuwa wamehamia kwa wauzaji wengine.

"Macho yananiaibisha, mjukuu wangu," aliniambia. "Wateja wananikimbia. Na mimi bila ungo sina kazi nyingine."

Nikamkalisha. Nikamvisha ile fremu ya kujaribia lenzi, nikamshikisha kadi ya kupimia iliyo na alama za wasiosoma, nikaiweka pale ambapo mtu hushika kitabu, kama nilivyofundishwa. Nikaanza kubadilisha lenzi. Bibi, ya kwanza au ya pili? Ya pili. Na sasa, ya kwanza au ya pili? Ya pili, mjukuu wangu. Na hii? Hiyohiyo, nzuri sana. Kazi ilikwenda vizuri kuliko mgonjwa mwingine yeyote niliyewahi kumpima. Mwalimu Desderi akaja, akamchunguza ndani ya macho, akasema mtoto wa jicho hana, ni macho ya umri tu. Akamuuliza kama anaona.

"Naona sana, Mungu awabariki," akasema Bibi.

Lenzi zake nilizichonga mimi mwenyewe. Alipokuja kuzichukua alinishika mikono yote miwili, na mimi nikarudi Milanzi kwa miguu nikisalimia hata nisiowajua.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, mama yangu akapika ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando. Tonge la kwanza tu, kap! Mama akaacha kutafuna, akaingiza kidole mdomoni, akatoa changarawe, akaiweka pembeni ya sahani.

"Mama, ulezi huu umenunua wapi?" nikauliza.

"Kwa Bibi Skolastika. Nilimwona ana miwani mpya, nikasema sasa mambo yamekuwa mazuri, nimrudie." Akaniangalia. Habari za miwani ile alikuwa amezisikia kwangu wiki nzima. "Binti yangu, naona changarawe hii ni yako."

Mama alikuwa anatania, lakini mimi nilinawa mikono ugali haujaisha. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kuchoma masikio.

Kesho yake asubuhi nikaenda sokoni kabla ya kazi. Nilimwona kwa mbali kabla hajaniona. Alikuwa ameinamia ungo bila miwani, macho ameyafumba nusu, anapapasa ulezi kwa ncha za vidole kutafuta mawe. Nilipokaribia akainua kichwa, akanitambua kwa lile koti. Haraka haraka akafungua pindo la khanga, akatoa miwani, akaivaa, akatabasamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Miwani yako nzuri sana!"

Nilikaa chini kwenye gunia lake nikalia. Yeye ndiye akaanza kunibembeleza, akidhani nimefiwa. Ilinichukua muda kumshawishi aniambie ukweli, na hata alipousema aliusema kwa sauti ya kuniomba radhi.

"Ningekukataliaje? Umenisalimia vizuri, umenishika mkono, umevaa nguo nyeupe. Nikisema ya pili, nakuona unafurahi. Nikisema ya kwanza, unakunja uso unauliza tena. Nikaona nisikusumbue, una kazi nyingi."

Nilimpelekea Mwalimu Desderi habari hizo nikitegemea anipe pole. Akavua miwani, akaanza kufuta.

"Wewe hukupima macho," alisema. "Umepima adabu. Na adabu ya bibi yule haina kasoro yoyote." Akaivaa tena. "Mimi pia niliuliza kama anaona, nikaridhika na jibu. Sasa niambie, alikuja hapa anataka nini?"

"Kuona karibu, mwalimu."

"Alikwambia hivyo?"

Nikakumbuka alichoniambia. Alikuwa amenitajia ungo kwa mdomo wake, na mimi nikampa kadi.

"Mwite," akasema mwalimu. "Aje na kazi yake."

Bibi Skolastika akaja na ungo wake na ulezi ambao haujachaguliwa. Tukamkalisha kwenye benchi barazani, penye mwanga kama wa sokoni, ungo mapajani. Nikamvisha fremu yenye lenzi za nguvu ileile niliyompa mwanzo, na nikafungua kinywa nimuulize ya kwanza au ya pili. Mwalimu akaweka kidole mdomoni kunionya ninyamaze. Nikanyamaza, nikatazama.

Ndipo nikaona kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Kwa lenzi zangu kichwa chake kilishuka, kikashuka, mpaka pua ikakaribia ulezi, shingo imepinda, na vidole vinasitasita. Nilikuwa nimempimia umbali wa kitabu wakati yeye hasomi kitabu, na ungo hukaa mbali zaidi ya hapo. Nikapunguza nguvu. Kichwa kikainuka kidogo. Nikapunguza tena. Mgongo ukanyooka, na vidole vikaanza kukimbia, changarawe moja, nyingine, nyingine, zinarushwa pembeni ya baraza. Akaanza kuongea peke yake kwa Kifipa, kama anavyoongea sokoni, na nikajua ametusahau.

Nikajaribu kuongeza lenzi moja zaidi, kuhakikisha tu. Bibi Skolastika akanipiga kofi mkononi.

"Toa!" akasema. "Hiyo inanichafulia. Rudisha ile."

Mwanangu, mitihani niliyofaulu ni mingi, na hakuna iliyonipa furaha ya kofi lile. Nilicheka kama mwehu. Bibi akashtuka, akaanza kuomba msamaha, na Mwalimu Desderi akamwambia asithubutu.

Nilichonga lenzi nyingine. Baada ya muda mama akanunua tena ulezi kwa Bibi Skolastika, akaupeleka mashineni kuusaga, akapika. Nilimtazama anavyotafuna, mimi mwenyewe sijagusa. Akameza. Akaomba aongezewe mboga.

Sasa sikia ninachotaka ukibebe kwenye sanduku lako pamoja na mashuka. Soma kila wanachokufundisha, na ukisome sawasawa, maana bila hesabu za lenzi kuangalia vidole vya bibi kusingenisaidia chochote. Lakini utakaporudi huku kwetu, kumbuka watu wetu wamelelewa kutomkatalia mtu aliyewasalimia vizuri. Wasalimie hivyohivyo, tena kwa unyenyekevu, halafu uwape nafasi ya kukukatalia. Usifurahie jibu moja na kununia jingine. Chunga uso wako unapouliza. Muulize mtu anafanya kazi gani, umpe kazi hiyo mkononi, kisha unyamaze uangalie. Nilipofanya kazi Kirando niliwapa akina mama dagaa wachambue. Kule Ilemba nilimpa fundi cherehani uzi na sindano yake mwenyewe. Mashine yako itakupa namba nzuri za kuanzia, nakubali, ila haitajua ungo unakaa wapi. Na mtu akikuambia "nzuri sana" kabla hujamaliza kuuliza, anza upya.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani na akutie nguvu darasani. Mikono yako isitetemeke, na macho yako yakae na wewe mpaka uzeeni. Usikose mwalimu wa kufuta miwani yake mbele yako pale utakapojiona umefika. Na wagonjwa wako, Mungu awape ujasiri wa kukupiga kofi mkononi na kukuambia, "Toa!"