Matairi Aliyoyachagua Jeki

Jina la Jeki alilipata ujanani, siku pikapu ya mdogo wake ilipopata pancha barabarani na jeki yenyewe ikawa imesahauliwa nyumbani. Aliingiza mgongo chini ya bodi, akaliinua gari upande mmoja, na mdogo wake akabadilisha gurudumu huku akicheka. Tangu hapo hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mkewe. Maisha yake yaliyofuata yalikuwa hayo hayo: mdogo wake mbele kwenye usukani, watu wakimwita Bosi, na Jeki nyuma na mifuko ya simenti. Mtu akimwuliza kazi yake, hakusema ni mpakizi. Alisema, "Mimi niko na mdogo wangu," kifua mbele, kana kwamba hicho ni cheo.

Basi mgongo ukazeeka, na bega likakataa kabisa kubeba. Jeki akawa anaukumbatia mfuko tumboni, anajikongoja nao hadi kwenye gari, kisha anausukumia ndani. Kati ya mfuko na mfuko alijifanya anafunga kamba za viatu, na Bosi alimwona kwenye kioo cha pembeni. Isitoshe, mke wa Bosi alikuwa na kaka, pande la mtu, mrefu, asiye na kazi, na mke huyo alikuwa amemkalia mumewe kooni kuhusu kaka yake asubuhi na jioni. Lakini mama yao akina Jeki, ambaye mwili ulikuwa umechoka ila ulimi haujachoka hata kidogo, alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba siku Bosi atakapomfukuza kaka yake, asimwite tena mama. Bosi alimheshimu sana mama yake, kwa hiyo akatafuta njia ya kulizunguka neno lake.

Jumapili moja wakiwa kwa mama, Bosi alimsogelea kaka yake, akamwekea kiganja kwenye chembe cha moyo, akasema kwa utani kwamba wazee wa umri huu, mfuko hauvuki hapa. Wote wakacheka. Jeki alicheka kuliko wote, meno yote nje, kwa sababu siku hizi mdogo wake alimgusa mara chache.

Wiki iliyofuata Bosi akatangaza kwamba pikapu itabadilishwa magurudumu. Ringi zile ndogo zilikuwa zinamtia aibu, alisema, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Kisha akampaka kaka yake mafuta kwa mgongo wa chupa: gari hili analijua nani kama si yeye, waende akachague.

Jeki akavaa shati lake la kutokea. Kwa fundi wa matairi alipita kati ya marundo akipitisha vidole kwenye meno ya kila tairi, akibonyeza ubavu kwa dole gumba. Hili ubavu laini, alisema, halitastahimili mzigo. Lile meno yamekaribiana mno, litabeba tope lote la dunia. Fundi akamwonyesha saizi iliyozidi ile ya zamani kidogo tu, akasema kwa gari la kazi hiyo inatosha. Kubwa zaidi ya hapo, springi itabidi ziinuliwe kwa vipande vya chuma, madigadi yakatwe ili tairi lisisugue kwenye kona, na breki zitachoka mapema. Jeki akamtazama mdogo wake. Bosi alikuwa amesimama kando ya yale makubwa kabisa, mkono umelala juu ya tairi.

"Mdogo wangu anayapenda haya," Jeki akasema. "Tufungie haya."

Fundi akakuna kichwa. "Sawa, mzee. Maana hata alipokuja juzi hakuuliza habari za tope wala kona. Aliuliza bodi itafika wapi kwa mtu wa kimo chako." Akaweka kiganja kwenye chembe chake cha moyo. "Nikamwambia kwa haya makubwa itafika hapa."

Na Jeki akafurahi. Mjinga huyu, Mungu amsamehe, alidhani mdogo wake alikuwa anamfikiria. Alimsaidia fundi kuviringisha matairi, akashikilia vyuma vikiingizwa kwenye springi, na nati za gurudumu la mwisho alizikaza kwa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake walikwenda kuchukua simenti. Jeki akaukumbatia mfuko wa kwanza, akafika nao garini, na ukingo wa bodi ukamkuta palepale, chembe cha moyo. Akausukuma kwa goti. Mfuko ukanasa kwenye chuma, ukapasuka, simenti ikammwagikia shingoni na mdomoni. Bosi hakushuka. Aliteremsha kioo tu.

"Kaka, ikikushinda sema. Mimi sijakuambia uondoke, na mama ajue hivyo."

Hapo ndipo Jeki alipokielewa kile kiganja. Kilimuuma kuliko mgongo ulivyowahi kumuuma, na hakulia kwa sababu tu macho yalikuwa yamejaa simenti.

Lakini hakuondoka. Jioni alikusanya mbao za kreti mbovu, akagongelea ngazi fupi ya kukanyagia, pana na imara. Mkewe akamwuliza kwa nini asiache tu. Akamjibu kwamba akiacha, itasemwa ameondoka mwenyewe, na hicho ndicho kinachotafutwa.

Asubuhi yule shemeji mrefu alikuwa ameketi kiti cha mbele, amekuja kutembea, wakasema. Jeki akaweka ngazi yake nyuma ya gari, akapanda na mfuko, akauingiza. Akarudi na mwingine. Hakufunga kamba za viatu hata mara moja. Mzigo wote ukaingia, na wapakizi wa lile duka wakamshangilia, naye akasimama pale anahema, jasho linamtiririka, anacheka kama zamani.

Bosi akawasha gari. Badala ya kwenda mbele, akarudi nyuma, taratibu, na gurudumu likapanda juu ya ngazi na kuivunja vipande vipande. Gari halikutikisika hata kidogo. Tairi lilikuwa limechaguliwa na mtu anayejua.

"Samahani, kaka," Bosi akasema, kichwa dirishani. "Matairi haya bado sijayazoea." Akatazama chini. "Okota hiyo misumari, isije ikatutoboa."

Shemeji akashuka, akapanda nyuma, akakaa juu ya mifuko. Jeki akapiga magoti kwenye vumbi, akaokota misumari yake mmoja mmoja, kisha akapitisha kiganja kwenye meno ya tairi kuhakikisha hakuna uliobaki.