Kwaya Nje ya Dirisha la Wodi

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali moja hapa Njombe, nilikabidhiwa ndoo, mopu na mlango. Mlango ndio ulionitoa jasho. Ilikuwa wodi ya wagonjwa wa saratani ya damu. Dawa zao hupiga ugonjwa, ila hushusha na kinga ya mwili, hata mafua ya mtoto huweza kumwangusha mtu mzima. Inchaji, yaani sista msimamizi wa wodi, alinifundisha kwa mkato: "Mama, wageni wawili wawili, wanawe kwa sabuni, na hakuna kupeana mikono."

Kwa Wabena! Sisi hata tukija kugombana tunaanza na mkono na salamu, kamwene huku, kamwene kule.

Mchungaji mmoja alikuja anapiga chafya. Nikamrudisha. Inchaji akaniita.

"Mama, umemfukuza mchungaji?"

"Nimefukuza mafua, Sista. Mchungaji ndiye aliyeyabeba."

Akageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kisha akalazwa Mzee Mgaya, mpasua mbao wa Makambako na kiongozi wa kwaya. Mdomo ulijaa vidonda vya dawa. Uji nilimpozea, akanywa kidogo kidogo. Asubuhi moja akakunja blanketi lake. "Naenda nyumbani. Mtu asiyeshikwa mkono ameshazikwa." Daktari akamweleza kwamba akikatisha dawa, ugonjwa utammaliza. Mkewe akalia. Blanketi likabaki limekunjwa.

Jumapili hiyo kwaya nzima ikafika kwa lori la Fuso, na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kinywaji kisichochemshwa, kwa mtu mwenye vidonda mdomoni! Dumu nikalizuia. Watu nikawapanga nje ya dirisha, kwenye ukungu.

"Msiingie. Imbeni hapo hapo!"

Wakaimba. Mzee akasikiliza, akakunja uso, akagonga kioo.

"Besi! Mnaburuta magogo?"

Wao wakadhani amefurahi, wakazidisha. Akanigeukia.

"Mama, wamekuwa hivi tangu nilipolazwa?"

"Mimi mtu wa mopu, Mzee. Lakini hata wagonjwa wa wodi ya pili wameamka."

Akalikunjua blanketi, akajifunika miguu. "Mwambie Inchaji alete hiyo dawa. Hawa wakiniimbia mazishini, nitafufuka kwa aibu."

Sasa nimestaafu, nalima viazi vyangu. Ninyi mnaoanza kazi hii, sakafu ing'arisheni, mikono naweni, na mjue mgonjwa wenu alikuwa nani kabla hajavaa shuka la hospitali. Mzee Mgaya alimaliza dozi zote. Yeye amepata nafuu. Besi bado.