Shangazi Kidole Aingia Pichani

Fungua albamu ya familia ile, utamwona kila mtu isipokuwa shangazi. Picha zote kapiga yeye, na kitu chake pekee kilichowahi kutokea ndani yake ni kidole, kimeziba kona. Ndiyo maana watoto wa kaka zake wakambandika jina, Shangazi Kidole. Naye, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko uzi, akalipokea kwa kicheko. Moyoni lakini lilimchoma.

Safari hii hakukuwa na mzaha. Kesho yake mama yake angehamia mbali, kwa kitinda mimba wake aliyekuja kumchukua, na alikuwa ametoa agizo moja tu. "Nataka picha ya kwenda nayo, yenye watoto wangu wote. Wote, mwanangu, si kidole."

Basi shangazi akanunua kamera, kidude kidogo kinachoungana na simu bila waya: kamera inaona, simu inaonyesha, na hapo ndipo unapobonyeza. Ukoo ukiwa umeshakusanyika sebuleni, akaipandisha juu ya friji, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, akaanza kuviunganisha. Simu inaita, kamera kimya. Kamera inawaka, simu inadai haijaona kitu.

"Hawa wamenuniana," akasema kaka yake mkubwa. "Waitieni wazee wawasuluhishe."

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Shangazi naye anacheka, jasho linamtiririka, huku anaomba kimoyomoyo vielewane, maana kesho haikuwa mbali.

Vikaelewana. Kwenye kioo cha simu ikatokea sebule yote, safi, mpaka kifungo kilicholegea kwenye shati la kaka. Shangazi akarukaruka kama mtoto, akaenda kujipenyeza ubavuni mwa mama yake, simu mkononi.

"Tazameni kamera," akasema, akainua simu, akabonyeza.

Loo, mazoea yana taabu. Watu waliozoea miaka nenda miaka rudi kuitazama simu ya shangazi, wakaitazama simu ya shangazi. Mama mwenyewe naye hakubaki nyuma.

"Juu ya friji, jamani. Friji mnaijua?"

Wakapiga tena, wakarudia kosa lile lile. Mara ya tatu kaka mkubwa alikodolea friji macho mpaka yakamtoka machozi, kisha dakika ya mwisho yakateleza yakarudi kule kule. Kila picha ikawa hivyo: shangazi peke yake anaichekea kamera, na ukoo mzima umemgeukia yeye, meno nje.

"Nafuta zote," akasema shangazi, kidole tayari kwenye kitufe cha kufuta. "Tutapiga mpaka mshike adabu."

Mama yake akamzuia mkono, akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama weee.

"Acha hii. Huko niendako wakiniuliza binti yangu ni yupi, sitahangaika kuwaonyesha. Wenzako wote wanawaonyesha kwa macho."

Shangazi akaondoa kidole kwenye kitufe. Akamwegemea mama yake, akacheka huku anafuta machozi, na kule juu ya friji kamera ilikuwa bado inawaka.