Mshale wa boksi la 212

Saa mbili asubuhi, Mama Mchanga ameshapiga magoti mbele ya boksi la mbao, kitambaa chenye maji mkononi. Analowesha jiwe, anapitisha kidole gumba taratibu, kisha anatikisa kichwa. Boksi hili, la 212, limemkosesha raha mwezi mzima.

Jina la Mama Mchanga amepewa na wenzake katika ghala hili la sampuli za miamba. Alianza kwa kuosha mchanga kwenye mtambo wa kuchimba, akahamia ghalani, na sasa ana miaka thelathini na miwili kazini. Anatunza maboksi 1,140, mengine ya kilo thelathini, na magoti yake ni mashahidi. Mwisho wa mwezi anastaafu.

Ndani ya maboksi mna vipande vya mwamba vilivyotolewa chini sana ardhini, virefu na vya mviringo kama mchi. Zamani hizo mto mkubwa kutoka mlimani uliishia hapa, kwenye delta, ukatua mizigo yake. Tope na mchanga vikalaliana, tabaka juu ya tabaka, hadi vikawa jiwe.

"Wataalamu wanausoma mlima humu," anasema. "Mlima ukiinuka, mto unapata mteremko, unakwangua kwa pupa, unaleta changarawe. Mlima ukichakaa, unaleta tope laini tu. Mlima wenyewe umeshalika, vimebaki vilima. Habari zake zote ziko kwangu."

Shida ni kwamba boksi la 212 limepakiwa kichwa chini miguu juu. Mshale uliochorwa ubavuni, unaoonyesha upande wa juu, umeelekea chini.

"Koroga mchanga kwenye ndoo uone. Kokoto zinatangulia kutua. Humu kila tabaka kokoto zimekaa juu! Wapi na wapi?"

Kwa kosa hilo, mlima unaonekana uliinuka, ukalala, ukainuka tena. Angeugeuza mshale siku ileile alipougundua, akikagua maboksi kabla ya kustaafu, lakini kanuni ya ghala haina mchezo: mshale haubadilishwi bila sahihi ya mchimbaji aliyeuchora.

Na mchimbaji huyo ni mume wake.

Mzee huyo ameshastaafu, na hadi leo watu humwita Mshale. Anajulikana kwa kutokosea boksi hata moja, na wajukuu wamesikia sifa hizo mpaka wanazisema kabla yake. "Sasa ningeanzia wapi?" anauliza mkewe. Wiki tatu alimpakulia chakula akameza maneno.

Mkuu wa ghala, mwanamke wa rika la binti yake, hakulegeza kamba. "Mama, ni sahihi ya mzee, la sivyo libaki hivyohivyo." Likibaki hivyo, kila atakayekuja baada yake atausoma mlima kwa makosa. Roho ilimuuma, akamweleza mumewe wakinywa chai.

"Alininunia siku mbili," anasema. "Jana usiku kanyoosha shati lake, eti kesho atakuja kuliona mwenyewe."

Saa nne mzee anaingia, shati limenyooka kwelikweli. Hasalimii mtu. Analowesha jiwe, anapitisha kidole, anarudia. Anavaa miwani na kusoma tarehe aliyoiandika mwenyewe kando ya mshale. Anakaa juu ya boksi la jirani.

"Mke wangu, hii tarehe umeiona?"

"Mimi naangalia jiwe, tarehe ya nini?"

"Ndiyo siku uliyonijibu. Ulikuja na ndoo zako pale mtamboni, ukasema sawa, tuoane. Halafu ukaniambia nirudi kazini!" Anavua miwani. "Ulitegemea nichore nini?"

Mama Mchanga anajifunika uso kwa kile kitambaa chenye maji. Anacheka, kisha analia kidogo.

Rejista inaletwa. Mzee anatia sahihi. Palipoandikwa "sababu ya kosa" anafikiri kidogo, anaandika neno moja: furaha. Mkuu wa ghala analisoma, anapiga muhuri.

Wakishapumzika mwezi mmoja, wawili hao watapanda basi kwenda kuviona vile vilima. "Nimeushika mlima ule miaka yote hii, sijawahi kuuona," anasema Mama Mchanga. Mumewe atabeba kigoda, kwa ajili ya magoti ya mkewe.

"Abebe tu," anasema mama, akimfunga kifungo cha shati. "Ila njia naonyesha mimi."