Malkia Aliyepakwa Mafuta ya Waridi

Wiki iliyopita kundi la nyuki lilitua kwenye upenu wa jirani yetu hapa Nabuyonga, Mbale. Kina mama walifunga madirisha, watoto wakaitwa ndani, na kijana mmoja akakimbilia dukani kutafuta dawa ya kupuliza. Mimi nilitoka na kikombe changu cha chai, nikasimama mbali kidogo kusikiliza. Walikuwa wakivuma kwa sauti moja, ya chini, iliyotulia. Nikamwambia jirani, "Waache, mama yao yumo. Wanapumzika tu." Alinitazama kama mtu asiye na akili timamu. Angejuaje kwamba sauti hiyo nilifundishwa kuisikiliza nikiwa mtoto, Nakaloke, nyuma ya jiko la bibi yangu?

Huenda umepita Nakaloke ukaona soko tu. Mimi nikiifikiria naona uwanja wa bibi uliofagiliwa asubuhi, ulezi umeanikwa kwenye mkeka, na mimi nimekaa na kijiti nikifukuza kuku. Nasikia harufu ya karanga zikikaangwa, maana siku hiyo tutakula malewa, yale machipukizi ya mianzi kutoka mlimani, kwenye mchuzi mzito wa karanga. Na nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba, nauona mzinga. Babu aliutengeneza kwa mbao za mlango wa duka lake la zamani, na nyuki waliingilia na kutokea kwenye tundu la kufuli. Babu alikuwa ameshafariki. Bibi hakuwa mtu wa kulia hovyo, lakini kila asubuhi alipita pale, akagusa ule ubao kwa kiganja, kisha akaenda kuwasha moto.

Mwaka mmoja mvua zilikawia kuisha, na mzinga ukabadilika. Nyuki walitoka wachache, wakarudi bila chavua miguuni. Usiposikiliza vizuri ungedhani wanavuma kama kawaida. Bibi alisikiliza, akaniagiza nikamwite Afande.

Afande alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, Mkristo, aliyejenga ng'ambo ya njia. Watu wengi pale walikikwepa Kiswahili kwa sababu kiliwakumbusha wanajeshi. Yeye na bibi hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, hivyo walikitumia kila siku, yeye kile cha kambini, bibi kile cha dukani na msikitini. Mwezi wa Ramadhani alifika kwetu kufuturu mapema kuliko sisi tuliofunga.

Aliweka sikio kwenye ubao, akafunua, akatoa sega moja baada ya jingine.

"Hajati, hii nyuki nalia. Hapana mama ndani."

"Amekufa?"

"Amekufa, amepotea, mimi hapana jua. Lakini hapana mayai, hapana watoto. Iko wazee tu."

Alitueleza kwamba nyuki wasio na mayai hawawezi kujilelea malkia mwingine. Wale wazee wangekufa kidogo kidogo mpaka mzinga ubaki mtupu.

Hapo ndipo shangazi anapoingia. Alikuwa binti pekee wa bibi, mfanyabiashara wa mukene, wale dagaa wa ziwani, huko Masese, Jinja. Kwa muda mrefu alitaka bibi ahamie kwake, na kila mara bibi alijibu kwamba hawezi kuwaacha nyuki wa babu. Jioni ile, kwenye simu, nilimsikia shangazi akisema, "Basi Mama, wakiisha, huna kisingizio tena." "Wakiisha nitakuja," bibi akasema. Nilikuwa nakula, nikaacha. Bibi akihama, nami nahama, na nyumba inafungwa.

Afande alikuwa na mwenzake wa zamani aliyefuga nyuki karibu na Jinja, naye akakubali kutoa malkia. Lakini mtu wa kumleta alikuwa mmoja tu: shangazi yuleyule.

Alifika Jumamosi na kikapu cha mukene na mikate. Kisha akafungua mkoba, akatoa kibiriti kilichofungwa kwenye leso. Ndani alikuwemo malkia na nyuki wachache wa kumlisha, na uwazi mdogo wa kibiriti ulizibwa kwa sukari iliyokandwa na asali, ili wenyeji waile taratibu na kumzoea kabla hajatoka. Uwanja mzima ukanukia waridi.

"Mbona kibiriti kinanukia?" bibi akauliza.

"Nimekipaka kidogo, Mama. Safari nzima amekaa karibu na mukene. Ningemleta kwa watu ananuka samaki?"

Lazima nikwambie, hakuna kitu shangazi alichoogopa kama kunuka samaki. Chupa yake ya manukato hakuiacha nyumbani hata siku moja.

Afande akavua kofia. "Aunti! Wewe nauwa yeye! Nyuki najua mtu kwa harufu. Hii wataona ni mwizi, watamaliza yeye."

Bibi akamgeukia binti yake. "Umefanya makusudi?"

"Mama! Ningetaka afe si ningemsahau tu kwenye gari?"

Bibi akaketi kwenye kigoda akikizungusha kibiriti mkononi. Halafu akasema, "Siku ya harusi, tunamfukiza bibi harusi peke yake? Tunafukiza nyumba nzima. Lete hiyo chupa."

Akadondosha manukato kwenye kitambaa cha pamba.

"Polepole, Mama, ya Dubai hayo!"

"Na yanarudi Dubai?"

Kitambaa kikatandikwa juu ya masega, kibiriti kikaning'inizwa kati yake, na bibi akazunguka mzinga na chetezo cha udi, taratibu, kama anavyozunguka chumba cha maharusi. Afande alifuata na kopo lake la moshi wa mavi ya ng'ombe, akilalamika: "Miaka yote nafanya kazi na mavi, leo naenda harusi."

Tulipofungua siku chache baadaye, sukari ilikuwa imeliwa na kibiriti kilikuwa kitupu. Mvumo ulikuwa umeshuka. Lakini Afande alikataa kusherehekea kabla ya kuona mayai.

Siku ya kukagua mayai ilipofika, shangazi akarudi kutoka Jinja. Afande alitoa sega, akaligeuzia jua mgongo, akakodoa macho. "Mimi mzee, naona giza tu." Bibi naye hakuweza, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Sega likaenda mikononi mwa shangazi. Aliliinamia muda mrefu. Mimi sikulitazama sega, nilimtazama yeye.

"Yapo," akasema. "Kila chumba yai moja. Mama, yapo mengi."

Bibi akaenda jikoni, na mara tukasikia karanga zikitwangwa.

Bibi aliishi palepale, akafa kitandani mwake, mimi nikiwa nimeshamaliza shule. Afande alirudi kwao kaskazini. Uwanja wa ulezi sasa ni safu ya vyumba vya kupangisha, na aliyenunua aliichoma ile migomba pamoja na mbao za mzinga. Nikipita sisimami.

Mwaka jana nilikwenda Masese, nikamkuta shangazi, naye siku hizi anavaa miwani, akigeuza mukene juani. Nikamwuliza kitu nilichokaa nacho tangu utotoni: siku ile, wakati yeye peke yake ndiye aliyeona, kwa nini hakusema hakuna?

Akapangusa mikono kwenye gauni, akanitazama kama niliyemtukana.

"Mgeni nimemleta mimi," akasema, "nimempaka mafuta mimi. Halafu nimkane mbele ya mama yangu?"