Wifi Wawili, Mashine Moja

Kosa ni langu. Jana, nikiwa mgeni wa maabara, nilivua kofia nione vizuri, nikajikuna kichwa juu ya vichupa vilivyo wazi.

Leo saa tatu asubuhi, fundi maabara wanayemwita Mama Vilele ananisogezea skrini.

"Unaviona vilele hivi virefu? Protini ya nywele na ngozi. Huyu ni wewe, mwandishi. Hongera, umeingia kwenye damu ya mgonjwa."

Kazi yake ni kupima protini kwenye damu ya wagonjwa wa figo. Protini inakatwa vipande, vipande vinapita kwenye mashine inayopima uzito, skrini inachora vilele. Kilele kikubwa, protini nyingi.

Yeye haweki alama yoyote kwenye sampuli. Anapitisha kichupa kimoja kimoja, halafu analinganisha.

"Ukipima watu uzito, mizani ikaguswa katikati, waliobaki umewadhulumu," anasema.

Kwenye meza ya pili yuko wifi yake, mke wa kaka yake. Huyo kila sampuli anaitia alama yake ya kemikali, anazichanganya, anazipitisha zote kwa mpigo.

"Saa saba yuko nyumbani, miguu juu!" analalamika Mama Vilele. "Mkuu wa maabara akileta wageni, anawapeleka kwake. Mimi napitwa kama kabati."

"Una wivu, mama?" namuuliza.

"Sana. Andika. Hata kaka yangu kachukua yeye."

Wifi anacheka bila kugeuka. "Wivu haupimiki kwa mashine, wifi."

"Wangu ungepasua hiyo skrini."

Kicheko kinaisha. Kichupa nilichokichafua lazima kirudiwe, mashine ikiwa vilevile. Tone la akiba la damu hiyo lipo. Lakini kupima kichupa kimoja huchukua zaidi ya saa nzima, na saa nne ni zamu ya wifi, naye hulitoa bomba jembamba linalotenganisha vipande, akaweka lake. Likitoka, vilele vyote vinahama, na kazi ya wiki mbili hailinganishiki tena.

Kesho Mama Vilele anasimama mbele ya mkutano wa maabara. Miaka yote matokeo yake yamesomwa na wengine.

"Safari hii nataka wanione mdomo ukifunguka," ananiambia, akiipangusa meza iliyo safi tayari.

Saa ya ukutani inafika nne kasoro dakika tano. Wifi anavaa glavu, anazivuta kidole kimoja kimoja.

"Wifi," anasema Mama Vilele, sauti imeshuka. "Niachie zamu hii. Moja tu."

Mashine inavuma. Wifi ananyoosha mkono kuelekea bomba.

"Wifi, si unanisikia?"